Mtani Hapimwi

Katika wodi ya wanaume, Muuguzi Melania alichukia vitu viwili: inzi na watani. Inzi walikuwa na dawa yao, gazeti lililokunjwa. Watani hawakuwa na dawa. Mtani ukimfukuza anacheka, ukimtukana anafurahi, ukimgusa tu anajiangusha chini na kudai mbuzi wa fidia, na wodi nzima inamuunga mkono yeye. Wagonjwa waliokuwa wakilia kwa maumivu wanageuka mashabiki. Melania, binti wa katekista wa Ushirombo, aliwahi kuona mshono wa mgonjwa ukifumuka kwa kicheko, akaapa hatauona wa pili.

Lakini kiapo kitasaidia nini mbele ya Mzaramo? Upande ule wa Geita na Bukombe kila Msukuma anajua kwamba Mzaramo ni mtani wake, tangu enzi za mababu waliopeleka mizigo pwani kwa miguu, wakagombana na wenyeji wa huko, wakapatana, wakaishia kutaniana. Wazaramo wenyewe huko ni wa kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana Kamili, Mzaramo wa Buseresere, alikuwa mali ya watu wote.

Kamili alikuja na mitambo ya mgodi wa Geita, fundi kijana kutoka pwani. Mgodi ulipofungwa wenzake walirudi makwao, yeye akabaki Buseresere akitengeneza baiskeli. Hakuwa na mke wala mtoto wala ndugu hata mmoja wa damu. Alikuwa na watani, na kwa watani hao kila mlango ulikuwa wake, kila chungu alikifunua bila kuuliza.

Na kati ya watani wote, Maige ndiye aliyekuwa wake hasa. Maige alikuwa mkulima wa pamba, mtu mnene mwenye sauti ya kutoka tumboni. Mama yake Maige alipofariki, Kamili alijipaka majivu usoni, akashuka kaburini kabla ya marehemu, akalala chali na kusema, "Bibi atafute pengine, hapa pamejaa." Hakutoka mpaka alipopewa kuku. Watu walicheka makaburini. Maige mwenyewe alicheka, machozi bado yanamtiririka, na baadaye alikuwa akisema kwamba bila kicheko kile asingeiona jioni ya siku ile. Kwao ndivyo mtani anavyofanya kazi yake. Anaingia mahali pa kutisha kabla yako, anapafanyia fujo, nawe ukifika unakuta hofu imepungua.

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, watu walipokuwa wakihamishwa na kuhamishwa tena, ngiri ya Maige, ule uvimbe wa kinenani, ilinasa utumbo. Aliletwa hospitali ya misheni juu ya lori la pamba, amelala kwenye marobota, anapiga kelele kila lilipodunda. Daktari Otmar alimpasua siku hiyo hiyo. Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Aliukata, akaunga, akafunga, akatoka chumba cha upasuaji kanzu imelowa.

"Melania," alisema, "huyu mtazame kama yai. Akivuja damu ndani, hatatuambia yeye. Mapigo yatatuambia."

Melania hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimpima Maige asubuhi, mchana na jioni, na katikati alipita akimshika mkono kama mtu anayesalimia, kumbe anahesabu. Alikuwa na jambo moja tu moyoni wiki ile: Maige atoke pale kwa miguu yake. Usiku alimwota.

Basi asubuhi moja, Maige akiwa amekwisha kuruhusiwa kuinuka, Kamili akatokea. Alikuwa amemfuata mtani wake kwa baiskeli, njia yote ya Runzewe, kuku amefungwa kwenye usukani. Melania aliisikia sauti yake kwenye banda la kupikia, kule ndugu wa wagonjwa walikokuwa wakiishi na masufuria yao, kabla hajamwona. Alikuwa akihadithia jinsi alivyoanguka jana yake.

"Naliteremka mlima, breki hazina habari nami! Mie fundi wa breki za watu! Nikavaa shimo. Usukani ukanichoma hapa, chini ya mbavu, kuku akawa chini yangu. Nilipoamka, yeye hakuamka. Basi Mama Justa, mwambie mumeo kuku wake amemtangulia, akamwandalie mahali."

Mama Justa, mke wa Maige, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Wanawake wengine wakamwomba Kamili arudie pale pa kuanguka, naye akarudia, akishika ubavu wake wa kushoto na kukunja uso. Walimsifu kwamba anajua kuigiza. Halafu akachota majivu baridi jikoni, akajipaka uso mzima, midomo na kope, akasema anakwenda kumwonyesha Maige jinsi maiti inavyokaa.

Melania hakuyaona hayo ya majivu. Wakati huo alikuwa nyuma ya pazia akimfunga kidonda mchimbaji mmoja aliyepondwa vidole na jiwe. Hakuona pia kwamba Maige ameomba kupelekwa chooni na ametoka, ameshikwa na shemeji zake huku na huku, akitembea kwa hatua za bata.

Alipotoka nyuma ya pazia na mashine yake ya presha, alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Maige. Blanketi lilikuwa limevutwa mpaka juu ya kichwa. Hilo halikumshangaza, kwa kuwa wagonjwa wengi hujifunika hivyo wakikimbia inzi. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia nje. Akaushika.

Ulikuwa baridi. Tena ulikuwa umelowa, kama mkono uliotoka kwenye maji. Vidole vyake vikatafuta mapigo, vikayakosa, vikayapata. Yalikuwa membamba na yanakimbia kama cherehani ya fundi aliyechelewa na sare za shule.

Melania akaivuta mashine yake. Akafunga kitambaa cha presha kwenye ule mkono, akapuliza upepo, akatega sikio. Sauti ilichelewa kuja, na ilipokuja ilikuwa ya mbali, chini kabisa ya pale inapopaswa kuwa kwa mtu mzima. Akaweka kiganja tumboni juu ya blanketi. Tumbo lilikuwa limekaza, na alipobonyeza kidogo, mwili wote ukashtuka.

Anavuja, alijiambia. Maige anavuja, na mimi nilikuwa nafunga vidole.

"Daktari!" alipiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kupiga kelele wodini. "Mwiteni Daktari Otmar! Mbio!"

Mhudumu akatimua mbio. Melania akalivuta blanketi, na akakutana na uso mweupe wa majivu, macho yamefumbwa, ulimi nje.

Akarudi hatua moja nyuma. Kisha ule uso ukafumbua jicho moja.

"Nimefufuka," uso ukasema. "Lakini huko ahera wamenirudisha. Wanasema wanamtaka Maige."

Wodi ililipuka. Wagonjwa waliokuwa hoi walipiga makofi juu ya magodoro. Yule mchimbaji wa vidole alicheka akisahau vidole. Na mlangoni, ameshikiliwa na shemeji zake, Maige mwenyewe alisimama mzima, mikono yote miwili juu ya mshono wake, akisihi, "Bebe, wewe Mzaramo! Usinichekeshe! Unaniua, bebe!"

Melania akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kilichomjia kwanza ni furaha tupu: Maige havuji damu, Maige amesimama pale mlangoni. Cha pili kilikuwa hasira, na hiyo ilikuja na moto wake.

"Wewe mzee una wazimu? Unalala kitanda cha mgonjwa? Nimekupima!"

"Nami nimepimika, mwanangu. Nipe majibu yangu."

"Mgonjwa hupimwa. Mtani hapimwi! Shuka!"

Wodi ikaona hilo ndilo jibu la siku, ikalicheka kuliko yote, na watu wakaanza kulirudia kutoka kitanda hadi kitanda. Mtani hapimwi! Melania akajigeuza dirishani, kwa sababu naye kicheko kilikuwa kimemfika kooni na hakutaka wakione.

Kamili hakushuka upesi. "Ngoja kwanza," alisema. "Tangu nilale hapa bega linaniuma. Hili la kushoto. Jamani, amepasuliwa Maige tumbo, bega linaniuma mie! Utani gani huu?" Wakacheka. Akaomba maji, akakinywa kikombe cha Maige mpaka mwisho, akaomba kingine. "Mgonjwa wa kweli kainuka, wa bandia nipeni nimnywee." Wakacheka. Kisha akashuka, akatoka akiwa amejikunja, mkono ubavuni, akishika chuma cha kila kitanda alichokipita, na wote wakaona jinsi anavyomwiga Maige kwa ustadi, ngiri na hatua zake za bata.

Daktari Otmar aliingia anahema, amekutana na Kamili mlangoni bila kujua ni nani. "Yuko wapi anayevuja?"

Wakamweleza, watu kumi kwa pamoja. Daktari alitazama saa yake. Alikuwa ameacha mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa.

"Na vile vipimo ulivyochukua?" alimuuliza Melania.

"Vya mtani, daktari."

"Basi vitupe, umpime mwenye kitanda." Akaenda zake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kidogo.

Maige alilazwa. Melania akamfunika, akamshika mkono. Ulikuwa wa joto na mkavu. Mapigo yalikuwa manene, yamejaa, yanatembea polepole kama ng'ombe wanaorudi zizini. Presha ilikuwa nzuri. Tumbo lilikuwa laini pembeni mwa bendeji. Akashukuru Mungu kimoyomoyo, akahamia kitanda cha pili, akapima, cha tatu, akapima. Kote walikuwa bado wanamwambia, "Nesi, mtani hapimwi," naye anawajibu, "Fungua mdomo," anawatia kipimajoto wanyamaze.

Halafu akaenda kunawa.

Ilikuwa pale kwenye karai. Alikuwa anajipaka sabuni, na maji yalikuwa ya baridi, yametoka mtungini. Ule ubaridi wa kwenye vidole ukamkumbusha mwingine. Akasimama na povu mikononi.

Mtu anaweza kufumba macho. Anaweza kutoa ulimi, kukaza tumbo, kukoroma roho ya mwisho kama watani wanavyokoroma. Majivu anaweza kujipaka. Lakini mapigo anayapataje? Jasho lile la baridi alilinunua wapi? Presha haijui Mzaramo wala Msukuma. Aliyoyasikia kwa vidole na masikio yake yalikuwa ya mtu fulani, na huyo mtu hakuwa Maige.

Usukani ukanichoma hapa, chini ya mbavu.

Bandama. Watu wengi wa upande ule wenye homa ya malaria wana bandama iliyovimba, laini kama papai lililoiva, ikigongwa inapasuka. Tena bega la kushoto. Alifundishwa mambo ya bega hilo akiwa mwanafunzi, aliandika, alijibu kwenye mtihani na kupata alama zote. Damu ikijaa juu tumboni, mgonjwa akilala chali, bega la kushoto linauma nalo halina kidonda. Alikuwa ameambiwa bega waziwazi, mbele ya wodi nzima, akageukia dirishani kuficha meno.

"Mungu wangu," Melania alisema. "Mungu wangu, Mungu wangu." Alitoka mbio na povu lake.

Kicheko alikisikia kabla ya kufika bandani. Ndicho kilichomwambia pa kwenda. Watu walikuwa wamefanya duara, wanawake wamefunga kanga viunoni, wanaimba wimbo wa kilio na kuupindua maneno. Katikati, juu ya mkeka, Kamili alikuwa amelala kiubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Mama Justa alikuwa akimmwagia majivu kichwani, konzi kwa konzi.

"Toa mbuzi, Mzaramo, la sivyo hatukuziki!"

"Jamani," Kamili alisema. "Jamani, sitanii."

Duara lilikufa kwa kicheko. Mwanamke mmoja alilazimika kumwegemea mwenzake.

"Mara ngapi amesema hivyo!" mzee mmoja alimweleza Melania, akifuta machozi, akifurahi kumpokea mtazamaji mpya. "Tangu alipokuja hapa ni hilo tu. Sitanii, sitanii. Tena anaomba maji kama samaki. Huyu mtu kiboko!"

Melania aliwasukuma. Alipiga magoti kwenye mkeka, akachukua upindo wa gauni lake jeupe, akamfuta Kamili majivu mdomoni. Chini ya majivu, midomo ilikuwa ya rangi ile ile ya majivu. Akalivuta kope la chini. Ndani palipaswa kuwa pekundu, na palikuwa peupe kama nyama ya samaki aliyechemshwa. Akashika kifundo cha mkono, akatafuta, akatafuta.

"Nyamazeni!" alipaza sauti.

"Hata nesi yumo!" mtu akasema nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Kamili alifumbua macho, akamtazama. Hakukuwa na mzaha wowote ndani yake. Kulikuwa na mtu mzima anayeogopa, aliyekuwa amewaambia watu ukweli kwa lugha nyepesi kabisa, tena na tena, na kila alipousema walimpigia makofi.

"Nesi," alinong'ona. "Waambie wewe."

Melania akainua kichwa. Hakujua uso wake ulikuwaje. Alimwona tu Mama Justa akimtazama, mkono wenye majivu ukiwa hewani, na tabasamu likimtoka taratibu. Konzi ikafunguka. Majivu yakamwangukia miguuni pake mwenyewe. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kunyamaza, wa mwisho akiwa yule mzee, ambaye alicheka peke yake kidogo kisha akasikia anacheka peke yake.

"Saidianeni!" Melania alisema. "Huyu anakufa. Mbebeni!"

Walimbeba na mkeka wake. Watu waliokuwa wakimdai mbuzi walikimbia naye uwanjani wakigongana, na Mama Justa mbele akipiga yowe, si lile la utani.

Daktari Otmar alimtazama mara moja tu. Kisha akamgeukia Melania. Walitazamana, na walijua wote wawili vile vipimo vya asubuhi vilikuwa vya nani. Mara maji ya dripu yakaning'inizwa, Sista Euphrasia, mtawa wa chumba cha upasuaji, akaandaa dawa ya usingizi, na damu ikatafutwa. Siku hizo damu haikuwa kwenye friji, ilikuwa kwenye mikono ya ndugu, na watu wa vijijini waliiogopa sindano ile kuliko kifo chenyewe. Melania alikwenda bandani akidhani atabembeleza. Hakubembeleza mtu. Walikuwa wamekwisha kupanga foleni, wamekunja mikono ya mashati, wameinamisha macho chini. Mzaramo hakuwa na ndugu, na wote waliokuwa pale walisema ni ndugu zake. Iliyofaa ilikuwa ya wawili, Mama Justa na yule mzee.

Kabla ya kufunikwa pua kwa dawa ya usingizi, Kamili alimwashiria Melania ainame.

"Maige yu wapi?"

"Wodini. Hajui kitu. Mzima kabisa."

"Al-hamdulillahi." Alivuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. Kona ya mdomo wake ikajaribu kupanda. "Mwambie, mie na kuku tumetangulia. Kitanda chake nimekipasha moto. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

"Utamwambia mwenyewe, Mzee Kamili."

"Hivyohivyo," alisema.

Melania alisimama kichwani pake muda wote, vidole juu ya mshipa wa shingo, kwa sababu wa mkononi haukusikika tena. Daktari alipofungua tumbo, damu ilipanda kama maji ya kisima yanapokutana na masika. Alifanya alichoweza, upesi na vizuri, akitukana kwa Kilatini cha seminari, na Sista Euphrasia hakumkemea. Chupa ya Mama Justa iliingia. Ya mzee iliingia nusu. Mapigo yalikimbia chini ya vidole vya Melania, yakajikwaa, yakakimbia, yakajikwaa. Halafu vidole vyake vikawa vinasikia mapigo ya vidole vyenyewe.

Jua lilikuwa limeshuka madirishani alipoingia wodini. Alikuwa amenawa mikono na kubadili gauni, lakini kofia hakuivaa. Maige alikuwa ameketi na mito mgongoni. Tangu Maige alipolazwa tena hakuna mgonjwa aliyekuwa ametoka wodini, wala aliyejua lolote. Walikuwa wameusikia ukelele kutoka bandani na waliuelewa kwa namna yao.

"Nesi," Maige alisema, anatabasamu tayari, "yule mtani wangu yu wapi? Nasikia kelele zake huko tangu asubuhi. Amewalaghai mbuzi?"

Melania alisimama miguuni pa kitanda. Alikuwa ameambiwa hivyohivyo, na maneno mengine hakuwa nayo.

"Mzee Maige, Kamili amefariki."

Wakaangalia midomo yake wote. Akaendelea, maana ndivyo alivyoagizwa.

"Amesema, yeye na kuku wametangulia. Kitanda chako amekipasha moto."

Kicheko kile Melania hatakisahau. Kilianzia kwa Maige, kikapanda kutoka tumboni, na Maige akaukamata mshono wake kwa mikono miwili akilia, "Yaya, nesi! Hapana! Hata wewe!" Kikaruka kitanda hadi kitanda. Walifurahi hasa kwamba ni yeye, Melania wa kukunja uso, ndiye aliyekubali hatimaye kuingia katika mchezo. Yule mchimbaji alimpigia makofi kwa mkono wake mzima. "Mtani hapimwi!" mtu akapiga kelele kutoka kona, na wote wakaitikia.

Alisimama katikati ya sauti hiyo. Alifungua mdomo aseme tena, akaona kwamba neno lolote atakalolisema litakuwa tamu zaidi kwao. Amefariki kweli. Sitanii. Yote yalikuwa yamekwisha kutumiwa.

Mama Justa ndiye aliyekizima. Aliingia mlangoni polepole, pamba imefungwa kwenye kiwiko mahali walipotoa damu, majivu bado yamegandamana vidoleni. Alikaa chini sakafuni kando ya kitanda cha mumewe, akajifunika kanga kichwani.

Maige alimtazama mkewe. Aliitazama pamba. Alimtazama Melania, akaona hana kofia. Kicheko kilimtoka usoni vipande vipande, na wodi ikanyamaza mpaka inzi wakasikika.

"Nipelekeni," alisema.

"Huwezi, Mzee Maige. Mshono."

"Nesi, mimi ndiye mtani wake. Nani mwingine atamfanyia? Nipelekeni. Na mnipe majivu."

Ilikuwa amri ya daktari kwamba asitembee zaidi ya chooni. Melania mwenyewe ndiye aliyempitisha mkono begani, mkewe upande wa pili, wakavuka uwanja hatua kwa hatua mpaka kile chumba kidogo cha nyuma, cha kulaza maiti. Watu wa bandani walifuata na kusimama mlangoni. Mama Justa alimpaka mumewe majivu kwa kiganja, kwenye paji, mashavuni, mdomoni, kama inavyotakiwa.

Kamili alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha chuma, amefunikwa shuka mpaka juu ya kichwa. Mkono mmoja ulikuwa umechomoza.

Maige alivuta pumzi. Kila mtu alijua kwamba sasa lazima aseme jambo la kuchekesha, ndiyo haki ya marehemu, na kwamba lazima wacheke. Midomo yake ya majivu ilifunguka, ikajifunga. Alijaribu mara ya pili.

"Bebe, Mzaramo," alisema hatimaye, na sauti ile ya kutoka tumboni haikuwa na tumbo tena. "Toka kitandani kwangu."

Hakuna aliyecheka. Waliitazama ile shuka wote, mlango mzima, wakingoja ifunuke. Na Melania, aliyeushika ule mshipa mpaka ulipokoma, naye aliitazama akingoja.